Tereni ndipo kazi inapoanzia: kwa mwanafunzi wa jiolojia wa Lubumbashi

Wanafunzi wa jiolojia wanaokuja kuomba staji kwenye hangari yetu ya karoti za mwamba huleta karatasi zilezile: barua ya maombi, pointi za mwaka, barua ya fakulte yenye muhuri. Ninazisoma zote kwa heshima, kisha ninaomba daftari la tereni. Ninataka lilelile lililobebwa porini, lenye vumbi jekundu kwenye kingo. Anayelitoa ninamvutia kiti, tunalifungua pamoja, na kabla hatujafika katikati nimeshajua kama nitakwenda kumsemea kwa shefu. Anayesema "yaya, daftari lilibaki kwa mwenzangu" ninamwambia alifuate, arudi nalo.

Karoti ninazosema ni nguzo za mwamba ambazo mashine ya kuchimba huzitoa ardhini. Hupangwa ndani ya masanduku, nasi tunazisoma mita kwa mita. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisoma hapahapa Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na nimeona vijana wenye akili nyingi wakizunguka mjini miaka na diploma mkononi kwa sababu safari zao za tereni zilikuwa matembezi. Walipanda basi, wakapiga picha juu ya mwamba, wakarudi. Ninaandika ili safari yako, hata ile ya siku moja, ikuachie ushahidi kwamba kazi unaijua.

Swali kwanza, mahali baadaye

Profesa atawapa programu ya safari. Swali ni lazima ulitafute mwenyewe. "Tutaona tabaka za Roan" halikufikishi popote. "Mwamba huu wenye matundu uko juu ya dolomiti au chini yake, na kitakachonithibitishia ni nini?" hilo ni swali, na ukienda nalo utajua usimame wapi na upime nini. Wenzako watakaposhuka kwenye basi wakitawanyika, wewe utakuwa na njia.

Ili upate swali, unahitaji ngazi ya tabaka kichwani. Kwa sisi wa Katanga ngazi hiyo ina vipandio vitatu, kutoka chini kwenda juu: Roan, Nguba, Kundelungu. Alama za mpaka ni mbili. Grand Conglomérat ndiyo inayofungua Nguba, na Petit Conglomérat ndiyo inayofungua Kundelungu. Wataalamu wengi wanazihusisha na enzi mbili ambapo barafu ilifunika sehemu kubwa ya dunia, ile ya kwanza ikiwa miaka milioni 700 hivi iliyopita. Simama siku moja mbele ya Grand Conglomérat mwezi wa tisa, jua la Katanga likikuchoma shingo, uangalie mawe makubwa na madogo yaliyotupwa ovyo ndani ya tope lililoganda, halafu fikiri kwamba huo ni mzigo wa barafu. Mimi hadi leo moyo unanishtuka. Baadaye tabaka hizo zote zilisukumwa na kukunjwa, ndiyo tunapata kile kinachoitwa upinde wa Lufilia, unaotoka kwetu ukavuka hadi Zambia.

Kuna jambo ninalowaambia wote wanaokuja kwangu. Tangu Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892 na kueleza shaba yake kwa macho ya mwanajiolojia, watu walitafuta shaba hasa ndani ya Roan, kwenye tabaka zinazoitwa Série des Mines. Walikuwa na haki, kwa maana ndiko ilikokuwa imeonekana. Lakini magharibi ya Kolwezi, kule Kamoa na Kakula, shaba nyingi ajabu ilikutwa katika sehemu ya chini kabisa ya Grand Conglomérat yenyewe, ndani ya Nguba, mahali ambapo fikra ya zamani haikumpeleka mtu. Mgodi ule ulianza kutoa shaba mwaka 2021. Kwa hiyo jifunze ngazi ya tabaka vizuri, lakini ukifika tereni andika unachokiona, hata kama kitabu hakikukitaja hapo.

Pa kwenda na nauli ndogo

Shida ya Lubumbashi ni kwamba mwamba umejificha. Udongo mwekundu ni mzito, na sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya Kundelungu usiyoiona. Tafuta mahali ardhi ilipokatwa: kingo za mito, mitaro ya barabara, machimbo ya mawe na kokoto, msingi wa jengo jipya. Omba ruhusa kwa fundi, dakika kumi zinatosha. Hata vichuguu vyetu vikubwa ni somo, kwa sababu mchwa hupandisha udongo kutoka chini, na watafuta madini wakati mwingine huchukua sampuli pale kupima kama kuna shaba chini. Nenda kiangazi. Kuanzia mwezi wa nane, majani yakishaungua, mwamba ambao ulikuwa hauonekani unajitokeza wenyewe. Mvua zikirudi mwezi wa kumi na moja, barabara nyingi za vumbi hazipitiki, na kila kitu kinafunikwa tena.

Etoile, ambayo wazee wanaiita Kalukuluku, iko pembeni ya mji. Shaba ya kwanza iliyoyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911 ilitoka huko, na huko ndiko kulikotambuliwa kwa mara ya kwanza madini ya buluu yanayoitwa korneti, kwa heshima ya huyohuyo Cornet. Ni mgodi wa watu, una uzio na walinzi. Unaingia kwa barua ya idara, si kwa kumjua mlinzi.

Kipushi iko kilomita 30 hivi, karibu na mpaka wa Zambia. Kama una nafasi ya safari moja tu nje ya mji, ningekwambia uende huko. Mgodi wake ulianza kama shimo la wazi mwaka 1924, baadaye ukaingia chini ya ardhi, ukasimama mwaka 1993, ukarudi kutoa zinki mwaka 2024. Umuhimu wake kwa mwanafunzi ni huu: madini yake yako ndani ya dolomiti na mawe ya chokaa ya Kakontwe, yaani Nguba, na ni zinki, shaba na jermani (germanium), tofauti kabisa na shaba na kobalti ya Série des Mines. Madini ya renieriti, ambayo yana jermani ndani, yalitambuliwa kwanza hapo. Mwanafunzi aliyeiona Kipushi na akaona hata kilima kimoja cha Roan tayari ana ulinganisho wa kuandikia kurasa nyingi.

Likasi na Kambove ziko mbali zaidi, kilomita 120 hivi na kuendelea, na zinataka siku mbili au tatu za kulala. Huko utakutana na vilima vya shaba, ambavyo nitavirudia. Shinkolobwe iko jirani, na ninajua kila mwaka kuna kijana anayetaka kuiona kwa sababu ya historia ya urani yake. Usiende. Pamefungwa, na vumbi la pale si la kuvuta.

Upande wa kaskazini, kwenye uwanda wa Kundelungu, tabaka zimelala karibu bapa, na maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwenye ukingo wake. Ni mbali na ni gharama. Ukipata nafasi ya kwenda na msafara wa chuo, usiikose, kwa sababu utaelewa nguvu ya mkunjo wa Likasi pale tu utakapoona tabaka za ukoo uleule ambazo hazikukunjwa.

Karatasi

Usitoke bila karatasi ya misheni yenye muhuri wa fakulte, majina ya wote, tarehe, na mahali mnapokwenda. Chukua nakala za kutosha, maana kizuizi kimoja kinaweza kubaki na moja. Barua ya kuomba kuingia mgodini ipelekwe wiki sita kabla, ikitaja swali lenu. Kampuni hupokea barua nyingi za "kutembelea" na chache sana zinazosema wanafunzi wanataka kuona nini. Angalia pia ramani ya Cadastre Minier, ofisi ya serikali inayotunza vibali vya madini, ujue ardhi mtakayokanyaga ina kibali cha nani. Kilima ambacho kwa macho yako ni pori tupu huenda kina mwenyewe kisheria.

Kijijini, kwanza ni kwa shefu wa kijiji. Mkae, mjitambulishe, mseme mnaangalia mawe kwa ajili ya masomo na mtaondoka jioni. Watu wa vijiji vyetu wameona wageni wengi wenye nyundo, na baada ya baadhi yao kupita walihamishwa. Wana haki ya kuuliza maswali, na ninyi mnawiwa jibu la kweli. Mkishaaminiana, mzee wa pale atawaonyesha mahali ambapo hata ramani haipaonyeshi. Wasanga walichimba na kuyeyusha shaba katika nchi hii karne nyingi kabla ya kampuni yoyote, wakaimimina katika umbo la msalaba. Elimu ile haijafa yote.

Vifaa

Nyundo, dira yenye kipima mwinamo, lupu (kioo cha kukuzia) ya mara 10, chupa ndogo ya asidi hidrokloriki ya asilimia 10, kalamu ya risasi, daftari la jalada gumu, mifuko ya sampuli, kalamu ya wino usiofutika, miwani ya kinga. Wachache wanaweza kununua vyote peke yao, basi nunueni kwa kundi, ila lupu na daftari kila mtu awe na vyake. Simu ina GPS ya kutosha kwa mwanafunzi. Kabla ya kutoka, hifadhi ramani ndani yake, maana ukitoka mjini kidogo tu mtandao unapotea.

Mbele ya mwamba

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokimbia.

Ukifika, usipige nyundo. Rudi nyuma hatua ishirini, uutazame mwamba wote, uchore. Mchoro wako uwe mbaya, hakuna tatizo, mradi una kipimo cha ukubwa, una kaskazini, na una mistari ya tabaka inayoelekea inakoelekea kweli. Andika tarehe, jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, namba za GPS, jina la uliyekuwa naye. Baada ya hapo sogea: rangi ya mwamba mbichi na rangi ya mwamba uliochakaa, ukubwa wa chembe, unene wa tabaka. Pima mwelekeo na mwinamo mahali patatu tofauti, si mara moja, na uweke nyundo mbali na dira unapopima, pamoja na ile simu yenye jalada la sumaku. Hakikisha mmerekebisha dira kwa tofauti ya kaskazini ya sumaku ya mwaka huu. Programu za bure zinakupa namba hiyo.

Tenganisha kwenye daftari unachokiona na unachokidhani. Mimi ninawataka wachore mstari katikati ya ukurasa: kushoto ni macho, kulia ni fikra. Kijana akiniandikia "heterojeniti" upande wa kushoto ninamsimamisha. Ulichokiona ni madini meusi, laini kidogo, yanayochafua vidole, kando ya mshipa wa kijani. Heterojeniti, yaani kobalti, ni dhana yako, na manganizi inaweza kukudanganya vizuri sana. Iandike kulia, chukua sampuli, mashine itasema. Tabia hii moja inanifanya nimwamini mtu kuliko pointi zake zote.

Sasa chukua jiwe la kijani, maana utaliokota tu, uko Katanga. Je, ni malakiti au krisokola? Kwa mbali yanafanana, na wanafunzi wengi huita kila kijani malakiti. Litazame kwa lupu. Malakiti mara nyingi ina mistari ya kijani hafifu na kijani kizito inayofuatana, au nyuzi ndogo zinazong'aa kama hariri. Krisokola huelekea kwenye buluu, na uso wake huonekana kama nta. Kisha chagua mahali ambapo kijani ni kinene na safi, weka tone moja la asidi, ulete lupu lakini uso uwe mbali, miwani machoni. Malakiti ni kaboneti: itatoa mapovu, na tone litageuka kijani. Krisokola ni silikati, itakaa kimya. Jihadhari na jambo moja: kijani kikiwa ni utando mwembamba juu ya mwamba wa kaboneti, mapovu yanaweza kuwa ya mwamba ulio chini. Ndiyo maana nimesema mahali panene. Tofauti hii ina uzito kiwandani, kwa sababu aina ya madini ndiyo inayoamua shaba itatolewaje na kwa gharama gani. Kwa hiyo utakapoandika "malakiti, imechemka kwa asidi baridi" umemwambia mhandisi jambo la maana.

Asidi hiyohiyo inatenganisha chokaa na dolomiti. Jiwe la chokaa huchemka papo hapo. Dolomiti hukaa kimya hadi uikwaruze, upate unga, ndipo povu dogo linapopanda polepole. Kwa Katanga, ambako dolomiti ziko kila mahali, jaribio hili utalifanya maisha yako yote.

Na vile vilima. Kwenye njia ya Likasi na Kambove utaona msitu wa miombo unakatika ghafla, na kilima kinasimama uchi, majani mafupi tu na maua. Miti haikukatwa, udongo una shaba nyingi mno kwa mizizi yake. Mimea michache imezoea, mmojawapo ni Haumaniastrum katangense, ambao watafuta madini wanauita ua la shaba. Juu ya kilima, mara nyingi mwamba unaokiinua ni ule wa silika wenye matundu, RSC kwa kifupi, uliobaki umesimama kwa ugumu wake wakati dolomiti za pembeni zimeliwa na mvua. Weka mkono wako juu yake, tazama ndani ya matundu, utaona ukoko mweusi au kijani. Anza kutembea chini kutoka pale, hatua kwa hatua, ukiandika wapi miti inarudi. Mstari huo wa miti ukiupima vizuri kwa GPS na kuuweka kwenye ramani, umechora kivuli cha shaba bila kuchimba shimo. Hiyo pekee inatosha kuwa mada ya kazi ya mwisho wa mwaka. Lakini usiwe na haraka ya kusema umegundua: udongo uliochafuliwa na moshi wa kiwanda nao huua miti, kwa hiyo angalia upepo unatoka wapi.

Usalama

Mashimo ya wachimbaji wadogo yanaweza kuwa na kina kuliko unavyodhani, kingo zake zinamomonyoka, na majani huyafunika. Usikaribie ukingo, usiingie hata shefu wa shimo akikukaribisha kwa wema. Usisimame chini ya ukuta wa mgodi wa wazi. Tembeeni wawili wawili. Viatu vizito, maji lita tatu kwa mtu, kofia, na bukari (ugali) iliyofungwa vizuri, kwa sababu mwenye njaa hapimi sawasawa. Vaeni suruali ndefu, nyoka wapo. Na sampuli zisitoke mgodini bila kibali cha maandishi. Jiwe la kobalti ndani ya begi lako linaweza kukuletea kesi kizuizini.

Kwa wasichana, nina neno langu. Nilipokuwa mwanafunzi, kampuni moja ilinijibu kwamba haina mahali pa kumlaza msichana kambini, na nafasi ikampata mwenzangu ambaye tulikuwa tumefanya kazi moja. Leo wanawake tuko hangarini, tuko kwenye mashine, tuko chini ya ardhi. Dada, ombeni kwa maandishi, kabla ya safari, kuhusu malazi, choo, na mtu wa kumwendea mkisumbuliwa. Jibu liwe na jina na namba ya simu. Asistanti anayepanga msafara na hataki kuuliza hayo, mwambieni kwa heshima kwamba ni sehemu ya kazi yake.

Wiki ya kwanza baada ya kurudi

Jioni ileile, kabla ya kulala, pitia kurasa za leo kwa wino na ukamilishe maneno uliyokatisha. Kesho utakuwa umesahau. Ndani ya wiki moja andika ripoti ya kurasa nne: swali, ramani, ulichokiona, unachokidhani. Ramani ichorwe kwa QGIS, ni programu ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Picha za setilaiti za Sentinel-2 na Landsat nazo ni za bure. Weka vituo vyako juu yake uone kama kilima uchi kinaonekana kutoka angani. Kinaonekana.

Andika kwa Kifaransa kwa ajili ya chuo, na muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiingereza. Ninajua Kiingereza kinawachosha wengi. Ripoti za wataalamu wa dunia zimeandikwa kwa lugha hiyo, na kampuni zinazouza hisa Kanada zinalazimika kutoa ripoti zao za kiufundi hadharani, kwa kanuni inayoitwa NI 43-101. Ya Kamoa-Kakula ipo, ya Kipushi ipo, mamia ya kurasa, bila malipo, kwenye mtandao wa SEDAR+. Soma sura ya jiolojia na sura ya uchimbaji wa karoti. Mwanafunzi aliyezisoma akija kwangu, tunazungumza kama wafanyakazi wenza tangu siku ya kwanza.

Kutoka tereni hadi kazi

Tuma barua za staji mwezi wa pili au wa tatu kwa ajili ya kiangazi, ukurasa mmoja, na uambatanishe ile ripoti yako. Usiandikie migodi mikubwa peke yake. Kampuni za kuchimba karoti, maabara za kupima sampuli, ofisi za mazingira, wachimbaji wa visima vya maji, wakandarasi wa barabara, wote wanahitaji mtu anayejua mwamba na udongo. Wadogo zangu wengi wanadharau maji. Mji wetu unakua, kila mtaa unachimba kisima, na wanaojua kweli kusoma maji ya chini ni wachache. Service Géologique National nayo inahitaji wachora ramani. Usisubiri shaba peke yake.

Jiunge na vyama ungali mwanafunzi, ada ni ndogo au hakuna. Society of Economic Geologists ina vikundi vya wanafunzi vyuoni na misaada ya fedha kwa utafiti wa tereni. Mkiwa wachache wenye bidii na mwalimu mmoja wa kuwasimamia, mnaweza kuanzisha chenu. Geological Society of Africa hukusanya wanajiolojia wa bara katika kongamano lake. Kila mwaka hapa mjini kuna DRC Mining Week, mara nyingi mwezi wa sita. Nenda na nakala za ripoti yako, usiende na mikono mitupu kuomba kadi za watu. Kwa wanaotaka kuendelea na masomo, Ubelgiji ina ufadhili wa ARES na wa VLIR-UOS, na Makumbusho ya Tervuren yamehifadhi ramani na sampuli nyingi za Kongo tangu wakati wa ukoloni. Fahamu pia kwamba mtu wa kutia sahihi akiba ya madini mbele ya soko la hisa anatakiwa awe na uzoefu wa angalau miaka mitano, ukiwamo unaohusu aina hiyo ya madini, na awe mwanachama wa chama cha wataalamu kinachotambulika. Miaka hiyo huhesabiwa kwa kazi iliyoandikwa, kwa hiyo weka kumbukumbu za kila kazi uliyofanya na nani aliisimamia.

Ukipata staji hangarini, siku ya kwanza uliza masanduku yanasomwa kutoka upande gani na vibao vya kina vimewekwa wapi. Kisha jifunze RQD, kipimo cha uzima wa mwamba, kwa sababu watakupa hiyo kabla ya kitu kingine. Unachukua urefu wa karoti zilizotoka kwa mkupuo mmoja, tuseme mita 3. Unajumlisha vipande vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, na vile vilivyovunjwa na wachimbaji wakati wa kutoa unaviunganisha kwanza, viwe kimoja. Jumla ikiwa mita 2.10, unagawanya kwa 3, unapata asilimia 70. Namba hiyo inamwambia mhandisi jinsi mwamba ulivyo imara, na kuta za mgodi zitachorwa kwa kuitegemea. Ndiyo maana tunamfuatilia sana mwanafunzi kwenye hesabu hii ndogo. Jifunze pia kwa nini kati ya sampuli zako tunaingiza sampuli tupu, sampuli zenye kiwango kinachojulikana, na nakala: ni kwa ajili ya kuipima maabara yenyewe.

Fika mapema, rudisha kila karoti mahali pake, na uliza maswali yako wakati wa mapumziko, mtu akiwa hana tochi mdomoni. Wazee wa hangarini, wale wanaobeba na kukata karoti, wengine wao wameona mwamba mwingi kuliko wanajiolojia wanne kwa pamoja. Wasalimie asubuhi, waulize, na uandike majibu yao upande wa kushoto wa daftari pale wanapokuonyesha kwa kidole.

Na kabla ya siku ya mwisho, usiondoke bila hati ya staji iliyotiwa sahihi, ikitaja tarehe, kazi uliyofanya, mita ulizosoma, na jina la aliyekusimamia pamoja na barua pepe yake. Iombe wiki moja kabla, kwa sababu wasimamizi husafiri na kambi huhama.